Kutangulia Si Kufika: Jinsi ya Kupanga Mazoezi Marefu ya Kundi kwa Ajili ya Ultramarathoni

SOMO LA AFYA NA MICHEZO KWA WAKAZI WA OYUGIS NA VIUNGA VYAKE

Ultramarathoni ni mbio zozote zinazozidi kilomita 42.195, yaani zinazopita urefu wa marathoni. Nyingine ni za kilomita 50, nyingine 56, nyingine karibu 90. Hapa Kenya kuna hata mbio za Laikipia zinazogawanywa kwa siku 5 na kufikia kilomita 230 hivi. Mkazi anayesikia hesabu hizo hudhani mambo hayo ni ya wanariadha wa kulipwa tu. Sivyo. Wengi wanaomaliza mbio hizi duniani ni walimu, wauguzi, askari, mafundi na wafanyabiashara wanaofanya mazoezi kabla au baada ya kazi. Tofauti kati ya anayemaliza salama na anayebebwa kwa machela mara nyingi huwa ni maandalizi tu.

Sehemu kubwa ya maandalizi hayo ni zoezi moja refu kila wiki, na zoezi hilo hufaa kufanywa kwa kundi. Somo hili linaeleza jinsi ya kulipanga: kuchagua njia, kugawa kazi, kuandaa maji na chakula, na kuhakikisha kila aliyetoka amerudi.

KWA NINI KUNDI?

Wazee wetu walijua kwamba shamba kubwa halilimwi na mtu mmoja. Waluo huita kazi ya pamoja saga: majirani hukusanyika, wanalima kwa mmoja leo na kwa mwingine kesho. Zoezi la saa nne lina mantiki hiyohiyo. Mtu peke yake huchoka akili kabla ya miguu. Akianguka, hakuna wa kumwinua, na akiishiwa maji atakunywa ya mtaro.

Mabingwa wetu wanalijua hilo. Kule Kaptagat, kundi la Eliud Kipchoge chini ya kocha Patrick Sang limezoea kukimbia mazoezi marefu pamoja, kilomita 30 wiki moja na 40 wiki nyingine, huku gari likifuata nyuma na chupa za vinywaji. Hata siku ile ya tarehe 12 Oktoba 2019 mjini Vienna, Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40, alikuwa na wasaidizi 41 waliopokezana kumwekea mwendo na kumkinga upepo.

Mbio ndefu zenye historia kubwa zaidi barani Afrika nazo zilizaliwa kutokana na urafiki wa safari. Comrades, inayokimbiwa kati ya Durban na Pietermaritzburg nchini Afrika Kusini, ilianzishwa mwaka 1921 na Vic Clapham. Alikuwa mwanajeshi wa Vita Vikuu vya Kwanza aliyepigana huku kwetu Afrika Mashariki, ambako yeye na wenzake walitembea masafa marefu kwa miguu. Alitaka kuwakumbuka waliokufa kwa mbio zinazojaribu uvumilivu uleule. Mwaka huo wa kwanza walianza wakimbiaji 34, wakamaliza 16.

Katika Comrades kuna desturi moja inayofaa kuigwa hapa. Wakimbiaji wa kawaida hujikusanya katika makundi wanayoyaita mabasi. Kila basi lina dereva, mkimbiaji mzoefu anayejua mwendo utakaowafikisha wote kabla ya muda kufungwa. Abiria hawashindani na dereva. Wanapanda, wanatulia na wanafika.

HATUA YA KWANZA: JUENI MNAKIMBILIA NINI

Msianze kukimbia kabla ya kujua mbio mnazolenga ni za kilomita ngapi, zina milima kiasi gani na zinafungwa baada ya saa ngapi. Mwendo wa mazoezi unatokana na hesabu hiyo.

Tuchukue mfano wa kilomita 56 kwa kikomo cha saa 7, kama ilivyo Two Oceans ya Cape Town. Saa 7 ni dakika 420. Gawanya kwa 56 upate dakika 7 na nusu kwa kila kilomita, pamoja na kutembea, kunywa na kujisaidia. Sasa tuseme kundi linakimbia dakika 10 kwa mwendo wa dakika 7 kwa kilomita, kisha linatembea dakika 1, na linarudia hivyo tangu mwanzo. Wastani utakuwa kama dakika 7 na sekunde 12 kwa kilomita. Kilomita 56 zitaisha kwa saa 6 na dakika 43 hivi, na mtabaki na robo saa ya vituo vya maji.

Hesabu hii inafundisha jambo ambalo vijana wengi hulikataa: mwendo wa ultramarathoni ni wa polepole. Kipimo chake ni maongezi. Mkimbiaji aweze kusema sentensi nzima bila kuhema. Akishindwa kuongea, basi linakwenda mbio kupita kiasi.

Tena kutembea dakika 1 mapema si aibu. Anayeanza kutembea kwenye kilomita ya pili kwa mpango hutofautiana sana na anayeanza kutembea kwenye kilomita ya 35 kwa sababu miguu imekataa.

HATUA YA PILI: NANI AINGIE KUNDINI

Anayejiunga awe tayari anaweza kukimbia kilomita 21 bila kuumia, na awe na umri wa miaka 18 au zaidi. Kabla ya wiki ya kwanza, kila mmoja apimwe. Wahamasishaji wa afya ya jamii waliokabidhiwa vifaa tangu Septemba 2023 wana mashine ya kupima shinikizo la damu na kipimo cha sukari, kwa hiyo hatua ya kwanza haina gharama. Mwenye shinikizo la juu, kisukari, pumu, historia ya kuzimia au maumivu ya kifua amwone daktari kwanza.

Katika kanda yetu ya ziwa kuna jambo jingine la kuuliza, nalo ni ugonjwa wa selimundu. Mwenye ugonjwa wenyewe asiingie zoezi la saa nyingi bila ruhusa ya daktari wake. Mwenye chembe ya kurithi tu, ambaye kwa kawaida haumwi, anaweza kukimbia, lakini awe mwangalifu zaidi. Utafiti uliofanywa kwa wanajeshi weusi wa Marekani na kuchapishwa mwaka 2016 haukuona kwamba wenye chembe hiyo walikufa zaidi ya wenzao, ila uliona misuli yao ilikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuvunjikavunjika kwa kazi nzito. Dawa yake ni kuongeza mazoezi kidogokidogo, kunywa inavyostahili na kusimama mara misuli inapolegea au kuuma isivyo kawaida. Makanga wa basi ajue ni nani wenye hali hiyo, na siri hiyo ibaki kwake.

Mwenye homa asikimbie. Hapa kwetu homa ni malaria hadi kipimo kiseme vinginevyo. Apimwe, atibiwe, na arudi baada ya kupata nguvu, hata kama atakosa wiki mbili.

HATUA YA TATU: RATIBA YA WIKI 16

Zoezi refu lipimwe kwa saa, si kwa kilomita, kwa sababu milima yetu hailingani na tambarare. Siku nyingine za wiki kila mtu akimbie mara tatu au nne kwa mwendo mwepesi, dakika 40 hadi 70. Ratiba ya zoezi refu kwa lengo la kilomita 56 inaweza kuwa hivi:

Wiki ya 1: saa 2
Wiki ya 2: saa 2 na dakika 15
Wiki ya 3: saa 2 na nusu
Wiki ya 4: saa 1 na dakika 45 (wiki ya kupumua)
Wiki ya 5: saa 2 na dakika 45
Wiki ya 6: saa 3
Wiki ya 7: saa 3, njia ya mteremko
Wiki ya 8: saa 2 (wiki ya kupumua)
Wiki ya 9: saa 3 na nusu
Wiki ya 10: saa 4
Wiki ya 11: saa 4
Wiki ya 12: saa 2 na nusu (wiki ya kupumua)
Wiki ya 13: saa 5
Wiki ya 14: saa 3
Wiki ya 15: saa 1 na nusu
Wiki ya 16: siku ya mbio

Angalieni mambo mawili. Kila wiki ya nne mzigo unapungua, maana mwili hujijenga wakati wa kupumzika. Na zoezi kubwa kuliko yote, saa 5 ambazo kwa mwendo wetu ni kama kilomita 42, linakuja wiki tatu kabla ya mbio. Anayejaribu kukimbia kilomita 56 zote mazoezini ili aone kama ataweza huwa ameshaitumia mbio yake kabla ya siku kufika.

HATUA YA NNE: NJIA

Kosa la makundi mengi mapya ni kuchagua njia moja ndefu ya kwenda na kurudi. Mtu akiumia kilomita 18 kutoka Oyugis, wote wamekwama. Afadhali mzunguko wa kilomita 10 hivi unaorudi palepale mlipoanzia, kupitia barabara za vumbi za ndani ambako magari ni machache na miguu inapata ardhi laini. Kwa mwendo wetu, kila mzunguko utachukua kama saa moja na dakika 12. Faida zake ni tatu: maji na chakula vinakaa mahali pamoja, aliyechoka anaacha akiwa nyumbani tayari, na watu wanahesabiwa kila mzunguko.

Barabara kuu ya Kisumu–Kisii inayokatiza Oyugis isiwe uwanja wa mazoezi. Ina malori, mabasi na matatu zinazopitana, na bega la barabara mara nyingi limejaa boda boda na wauzaji. Ikibidi kupita hapo kwa kipande kifupi, mkae upande wa kulia mkitazama magari yanayowajia, mtu mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja amevaa riflekta na hakuna mwenye spika masikioni. Kuvuka barabara iwe kwa pamoja, kwa amri ya dereva wa basi.

Njia ya kwenda Kendu Bay ina somo lake. Oyugis iko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi. Kwa zaidi ya kilomita 20 mnateremka. Mteremko unaonekana rahisi, lakini kila hatua paja hufanya kazi ya breki, na siku mbili baadaye ngazi hazipandiki. Wakimbiaji wa Comrades wanalijua hili vizuri. Kwa desturi mbio hizo hubadilishana, mwaka mmoja kupanda na mwingine kushuka, na wengi husema mwaka wa kushuka ndio unaoharibu miguu. Ndiyo maana wiki ya 7 tumeweka safari moja ya kwenda ziwani, ya kurudi kwa matatu. Ikitosha mara moja, msirudie wiki inayofuata.

SIKU NA SAA

Wasabato, ambao kanisa lao lilianzia Gendia karibu na Kendu Bay mwaka 1906 na wamejaa katika eneo letu, hawatakimbia Jumamosi. Wengine wengi wana ibada Jumapili. Kundi lisiwagawe watu kwa jambo hili. Zoezi la Jumapili linaloanza saa kumi na mbili na robo asubuhi, mwanga ukiwa umeanza, humaliza saa 3 za kukimbia kabla ya ibada ya pili. Yale ya saa 4 na 5 ni matatu tu katika ratiba nzima, na yanaweza kupangwa kwenye sikukuu za kitaifa au kwa makubaliano.

Epukeni alasiri. Mbali na jua, msimu wa mvua huleta radi. Mkisikia ngurumo, ingieni ndani ya jengo au gari, si chini ya mti wala kibandani. Subirini nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho ndipo muendelee.

HATUA YA TANO: DEREVA, MAKANGA NA DAFTARI

Tuseme kundi lina watu 14. Ligawanyeni mabasi mawili ya watu saba kufuatana na mwendo. Kila basi liwe na watu wawili wenye kazi.

Dereva hukimbia mbele na kushika mwendo. Kazi yake ni kuzuia, si kuvuta. Katika saa ya kwanza ataudhi watu, maana kila mtu ana nguvu. Akisikia miguu inamsukuma nyuma, aseme bila haya, "Omera, pole, bado tuko mbali."

Makanga hukimbia mwisho kabisa. Kila msafiri wa matatu anajua kwamba makanga hapandi kabla abiria wote hawajapanda. Huyu naye hampiti mtu yeyote, hata awe na nguvu kiasi gani. Abiria akisimama, makanga anasimama naye. Akibadilika kutoka kukimbia hadi kutembea, makanga anatembea naye. Basi lenye wanawake liwe na mwanamke katika mojawapo ya nafasi hizi mbili, na kituo kiwe mahali penye choo kinachofungwa. Mkitazama kwa nini dada zetu wengi huacha makundi ya mbio, mara nyingi sababu si mwendo. Ni kuachwa peke yao barabarani, maneno ya njiani na kukosa pa kujisaidia.

Mtu wa tatu ni mwenye daftari, naye hakimbii siku hiyo. Kazi hii ipokezanwe kila wiki. Daftari liwe na jina, nambari ya simu ya mkimbiaji, nambari ya jamaa wa kupigiwa na saa ya kutoka. Kila mzunguko anaweka alama. Anayeacha njiani na kwenda nyumbani lazima aseme, na jina lake liandikwe saa ya kuondoka. Hesabu ya waliotoka lazima ilingane na hesabu ya waliorudi. Isipolingana, hakuna anayekula wala kuoga hadi mtu huyo apatikane.

Kanuni hii ndiyo kiini cha somo zima. Mkimbiaji anayepata joto kali au upungufu wa chumvi hupoteza akili kabla ya kuanguka. Anaweza kupinda njia isiyo yake, akakaa nyuma ya ua akidhani anapumzika. Wa mbele watafika, watashangilia, na kila mmoja atadhani yuko na wengine. Dakika 30 katika hali hiyo zinaweza kuwa tofauti ya kurudi nyumbani na kutorudi. Kutangulia si kufika, na basi halijafika hadi abiria wa mwisho afike.

Mtu wa nne ni mwendesha boda boda mmoja anayefahamika. Alipwe mafuta na muda wake. Abebe maji, sanduku la huduma ya kwanza na simu yenye chaji, na apite njia yote kila nusu saa.

HATUA YA SITA: MAJI NA CHAKULA

Kwa miaka mingi wakimbiaji waliambiwa wanywe kadiri wawezavyo. Leo tunajua kwamba ushauri huo umewahi kuua. Mnamo mwaka 1981 mkimbiaji wa Comrades aliugua kwa sababu alikunywa maji mengi mno hadi chumvi ya damu ikashuka, na mwaka 1985 Dakta Tim Noakes wa Afrika Kusini na wenzake walichapisha visa vya namna hiyo. Baadaye, katika Boston Marathon ya mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 na kukuta asilimia 13 wana upungufu wa chumvi. Walioongezeka uzito wakati wa mbio ndio waliokuwa hatarini zaidi.

Kanuni ya sasa ni nyepesi: kunywa unaposikia kiu. Kwa kupanga mzigo, hesabuni nusu lita kwa mtu kwa saa. Watu 14 kwa saa 4 ni lita 28, hivyo madumu mawili ya lita 20 yanatosha, na yanayobaki ni ya kunawa na kumwagia vichwa. Maji yawe yamechemshwa au kutiwa dawa, na kila mtu awe na kikombe chake.

Mkiwa na mizani, pimeni uzito kabla na baada. Mtu wa kilo 60 kurudi na kilo 59 ni kawaida. Akirudi na 61, amekunywa kupita kiasi na wiki ijayo apunguze.

Kuhusu chakula, zoezi linalozidi saa 2 linataka wanga wa gramu 30 hadi 60 kwa saa. Hatuhitaji pakiti za dukani. Kiazi kitamu cha Kabondo kilichochemshwa, cha gramu 150, kina wanga wa gramu 30 hivi. Ndizi mbivu ya wastani ina kama gramu 25. Kikombe kikubwa cha uji wenye sukari kinakaribia gramu 30. Kwa zoezi la saa 4, tukianza kula baada ya saa ya kwanza kwa gramu 40 kila saa, mtu anahitaji gramu 120. Viazi viwili, ndizi moja na kikombe cha uji vinamfikisha hapo. Kwa watu 14, pikeni viazi 28, nunueni ndizi 14 na sufuria moja ya uji. Chumvi kidogo juu ya kiazi husaidia. Nyoyo ni nzuri kwa mlo wa baadaye, lakini maharagwe hayafai tumboni wakati wa kukimbia.

Kinywaji cha nyumbani nacho kinatengenezwa kwa lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Msizidishe chumvi.

Gharama zote zipitie kwa mweka hazina mmoja, ziandikwe na zisomwe kila mwezi. Makundi mengi hayavunjwi na milima bali na mchango usioelezwa.

HATUA YA SABA: MAMBO YAKIHARIBIKA

Kila mwanachama ajue dalili hizi kwa moyo.

Joto kali la mwili: mkimbiaji anayumba, anaongea ovyo, anakasirika bila sababu, mwili ni moto. Mweke kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji mengi mwilini na kumpepea bila kukoma. Anzeni kumpoza hapohapo huku mkiita usafiri. Msingoje hospitali ndiyo impoze.

Chumvi kushuka: kichwa kinauma, anatapika, vidole vimevimba, amechanganyikiwa, na amekuwa akinywa sana. Msimpe maji zaidi. Apelekwe hospitali mara moja, na mwambie daktari kwamba alikuwa akikimbia na alikunywa kiasi gani.

Maumivu ya kifua au kuzimia ghafla: zoezi limekwisha kwa kundi lote. Asiyepumua afanyiwe kazi ya kukandamiza kifua, kwa nguvu na kwa haraka, hadi msaada ufike. Angalau watu wawili katika kundi wafunzwe jambo hili.

Mkojo wa rangi ya chai nyeusi baada ya zoezi: misuli imeumia na figo ziko hatarini. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na neno kuhusu dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni zinauzwa kila duka la dawa, na wengine humeza kabla ya zoezi refu ili wasisikie magoti. Msifanye hivyo. Dawa hizo huumiza figo zilizokwisha kuchoka, na maumivu zinayoyaficha ndiyo onyo lako.

Nambari za dharura ni 999 na 112. Hospitali ya karibu ijulikane, na mwendesha boda boda ajue njia ya kufika mlango wa dharura. Kila mkimbiaji ahakikishe usajili wake wa SHA uko sawa kwa kupiga *147#. Kabla ya wiki ya kwanza, mjulisheni chifu na kituo cha polisi kuhusu njia na saa zenu, maana watu 14 wanaokimbia alfajiri wanaweza kueleweka vibaya.

MASWALI YA KUJIPIMA

Kabla hamjapanga zoezi la kwanza, kaeni pamoja na mjibu maswali haya. Lisilojibiwa ndilo la kushughulikia kwanza.

1. Mbio zenu zinafungwa baada ya saa ngapi, na hiyo ni dakika ngapi kwa kilomita?
2. Ni nani makanga wa kila basi, na je, amekubali kwamba hatamaliza mbele hata siku moja?
3. Daftari liko kwa nani wiki hii?
4. Mtu akianguka kwenye kilomita ya mbali zaidi ya mzunguko wenu, atafika hospitali kwa dakika ngapi na kwa chombo gani?
5. Kwa idadi yenu na saa zenu, mnahitaji lita ngapi za maji na viazi vingapi?
6. Ni nani kati yenu hajapimwa?

Mkimaliza kuyajibu, pelekeni majina na njia yenu kwa ofisi ya wadi. Kisha anzeni wiki ya kwanza, saa 2, polepole, makanga akiwa nyuma.